Kadi yenye chipu mfukoni: ufanye nini kama unahofia kufuatiliwa

Je, chipu iliyo kwenye kadi au pasipoti yako inaweza kuonyesha ulipo? Swali hili huja kwa sura nyingi. Yupo anayetaka kujua kama anaonekana anapopanda kivuko cha Mwanza kwenda Kamanga kwa sababu tu ana kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kwenye pochi. Yupo mwenye pasipoti ya kielektroniki, zile zilizoanza kutolewa Tanzania Januari 2018, anayeamini jalada lake linatoa taarifa kila anapokanyaga mpaka wa Mutukula. Wengine wameambiwa kanisani kwamba chipu ndiyo ile chapa ya kwenye Ufunuo, na hao siwacheki. Mtu ana haki ya kuuliza kitu anachobebeshwa kina nini ndani.

Msimamo wangu ni huu: chipu ya kwenye hati haikufuati barabarani. Kinachokufuata ni namba iliyochapwa juu ya hati, kidole ulichobonyeza kwa wakala, na kopi uliyoiacha steshenari. Hatua za chipu nimeziweka mwanzoni ili tuzimalize, nguvu ibaki kwa hayo mengine.

Hatua ya 1: Tambua una chipu ya aina gani

Toa hati na kadi zako zote, zipange mezani. Ukiona kibati cha rangi ya dhahabu kama cha laini ya simu, hiyo ni chipu ya kuchomekwa kwenye mashine. Pasipoti ya kielektroniki ina alama yake kwenye jalada la mbele, mstatili wenye duara katikati. Alama hiyo ni ya kimataifa, utaikuta pia kwenye pasipoti za Kenya na Uganda.

Kadi isiyo na kibati chochote bado inaweza kuwa na chipu ndani ya plastiki, pamoja na waya mwembamba unaozunguka ukingoni. Huo waya ndio antena. Kadi nyingine ukiimulika kwa tochi ya simu gizani utauona.

Kama simu yako ina NFC, yaani uwezo wa kusoma chipu kwa kugusishwa, ifanye iwe mashine ya kupimia. Fungua Mipangilio, andika NFC kwenye sehemu ya kutafuta, washa. Vua kava la simu. Weka kadi mgongoni mwa simu na uisogeze polepole, hasa maeneo ya karibu na kamera, maana antena ya simu haikai sehemu moja kwa simu zote. Ikiwepo chipu, simu italia au itatetemeka. Pasipoti ikikataa ikiwa imefungwa, ifungue, jaribu jalada la nyuma, kisha la mbele.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, pakua programu ya bure kama NFC Tools. Itakuonyesha namba ya utambulisho ya chipu. Hapa kuna jambo dogo linalonifurahisha kila mara: gusisha pasipoti, soma namba, iondoe, gusisha tena. Kwenye pasipoti nyingi utaona namba fupi inayoanza na 08, na mara ya pili imebadilika. Si hitilafu. Waliotengeneza viwango vya pasipoti waliweka namba ya kubahatisha makusudi, ili mashine isiyo na ruhusa isiweze kusema "huyu ni yule wa jana". Sasa jaribu kadi ya mlango wa ofisi. Nyingi zitakupa namba ile ile kila mara. Kwa maneno mengine, kadi ya kazini inaweza kuwa na siri kidogo kuliko pasipoti, na hakuna anayeikimbia.

Hatua ya 2: Pima hofu kwa sentimita

Chipu hizi hazina betri. Zinapata umeme kutoka kwenye mashine inayozisoma, kwa masafa ya 13.56 MHz, na kazi hiyo hufanyika ndani ya sentimita chache. Mashine ikiondoka, chipu imezimika. Ni kama kioo: hakitoi mwanga mpaka kimulikwe.

Setilaiti za GPS, ule mfumo wa kujua mahali ulipo, ziko kama kilomita 20,000 juu yetu, na hazimsikilizi mtu yeyote, zinatangaza tu. Ili kitu kitoe taarifa ya mahali ulipo, lazima kipokee matangazo hayo, kipige hesabu, kisha kitume jibu kupitia mtandao. Hayo yote yanataka betri. Kadi nyembamba kama ukucha, iliyokaa kabatini Buhongwa miaka mitano bila kuchajiwa, haina uwezo huo.

Lakini usimsikilize pia anayesema hofu yote ni ushamba. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walitengeneza kifaa cha kusoma chipu za aina hii kutoka takriban sentimita 25, mbali kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka 2010 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba pasipoti waliyowahi kunasa mazungumzo yake na mashine wangeweza kuitambua tena, bila hata kuisoma yaliyomo. Na Marekani ilitoa kadi ya pasipoti ya kuvukia mipaka ya nchi kavu yenye chipu ya aina nyingine kabisa, inayosomwa kutoka mita kadhaa. Mwaka 2009 mtafiti mmoja aliendesha gari San Francisco akizisoma kadi za wapita njia. Kwa hiyo swali la busara si kama kadi ina chipu. Uliza ni chipu gani, inasomwa kutoka umbali gani, na nani ana mashine.

Kuna uvumi mmoja ambao nadhani ulivuka ziwa kutoka kwa jirani. Kenya, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliyoleta Huduma Namba, mfumo wa kuandikisha watu, yalitaja ukusanyaji wa vinasaba (DNA) na viwianishi vya GPS vya makazi ya mtu. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Sheria ile ilihusu kuandika nyumba ya mtu ilipo, si kuweka GPS ndani ya kadi, ila mpaka habari inafika Musoma na Mwanza imeshakuwa "vitambulisho vina GPS".

Hatua ya 3: Foili kama unataka, ila usiguse nyundo

Ukiizungushia kadi karatasi ya foili, haisomeki. Inafanya kazi, ni rahisi, na kwa pasipoti unayosafiri nayo haina ubaya. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba alinionyesha kadi aliyoifunga kwa foili ile ile ya kuokea samaki.

"Mwanangu, hapa si hawanioni?"

"Kwa kadi hawakuoni, mama, hata bila foili. Na hiyo simu uliyoshika je?"

Alicheka, akaitazama simu, akairudisha kwenye khanga. Tulipoendelea kuongea ikaonekana kopi za kitambulisho hicho hicho zilikuwa kwa katibu wa kikundi cha mkopo, kwa wakala wa laini na kwa dalali wa fremu. Hizo hazikuwa na foili.

Usiichome kadi, usiigonge, usiitie kwenye maikrowevu. Pasipoti ni mali ya serikali, na iliyoharibiwa itakupa usumbufu mpakani ambao hakuna chipu ingekupa. Usitoboe tundu la kamba kwenye kadi, kwa sababu unaweza kukata antena, na usiipige lamineshen ya moto juu ya plastiki yake.

Hatua ya 4: Jua ufunguo wa pasipoti uko wapi

Chipu ya pasipoti imefungwa. Mashine haiwezi kuisoma mpaka iwe na ufunguo, na ufunguo unatokana na vitu vitatu: namba ya pasipoti, tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vyote vitatu vimechapwa kwenye ukurasa wenye picha yako. Ndiyo maana ofisa wa mpakani huuweka kwanza ukurasa huo kwenye mashine. Pasipoti zenye alama za vidole ndani huziweka nyuma ya kufuli lingine gumu zaidi, lakini picha na maelezo yako yanafunguka kwa ufunguo huo wa kwanza.

Maana yake ni kwamba mwenye kopi ya ukurasa ule ana ufunguo. Tena hahitaji hata kuifungua chipu, kwa sababu karibu kila atakachokikuta ndani tayari anacho kwenye karatasi.

Namba ya NIDA nayo inaongea. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeijua namba anajua umri wako. Sasa jiulize namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money yako ni ipi. Kama ni mwaka wa kuzaliwa, umeiandika mwenyewe mwanzoni mwa namba ya NIDA na unamsomea kila wakala kwa sauti. Ibadilishe leo, kabla ya kufika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Dhibiti kopi

Hapa ndipo penye kazi. Fikiria njia ya kopi moja ya kitambulisho. Unaipiga picha, unaituma WhatsApp kwa namba ya steshenari, kijana anaifungua kwenye kompyuta, anaprinti, unalipa, unaondoka. Picha imebaki kwenye simu yako, kwenye simu ya steshenari na kwenye folda ya vipakuliwa ya ile kompyuta, katikati ya vyeti vya watu na kadi za harusi. Jioni kompyuta hiyo hiyo inachezewa gemu na wadogo zake. Simsemi vibaya kijana. Hakuna aliyemwambia afute.

Ukipeleka kazi steshenari, peleka hati yenyewe mkononi, ipigwe kopi mbele yako, urudi nayo. Kama ni lazima faili, tumia flashi na mwambie afungue moja kwa moja humo bila kuhamishia kwenye kompyuta. Kama uliituma WhatsApp, usiridhike na kuifuta kwa wote, kwa sababu iliyopakuliwa kwenye kompyuta haifutiki kwa njia hiyo. Mwombe aifute kwenye folda, kisha kwenye kapu la taka. Ukisema kwa upole, "Kaka, naomba unifutie hilo faili kabla sijaondoka," atakufutia. Wengi hata hawashangai. Kopi zilizotoka vibaya usiziache pale pale. Karatasi za steshenari hufungia karanga, na wakazi wa Mlango Mmoja mnajua nisemacho.

Kisha fanya kitu ambacho wachache hufanya: andika juu ya kopi. Kwa kalamu, kimshazari, mstari upite katikati ya maandishi bila kuficha jina wala picha: "Kopi ya maombi ya kupanga fremu tu", na tarehe. Kopi iliyoandikwa hivyo haimfai tapeli anayetaka kuipeleka kwenye mkopo. Ofisi ikiikataa, uliza ni kanuni gani inayoikataza. Mara nyingi hakuna, ni mazoea tu.

Gesti za Mwanza, kama za mikoa mingine, zina lile daftari kubwa la wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Linalokera ni kwamba liko wazi kaunta, na mgeni anayekuja baada yako anasoma la kwako wakati anajaza la kwake. Onyesha kitambulisho, jaza, funga daftari mwenyewe. Usikubali kadi ibaki mapokezi mpaka asubuhi. Mhudumu akitaka kuipiga picha kwa simu yake binafsi, mpe kopi uliyoiandika juu.

Simaanishi kila anayekuandika jina ni adui. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 2018, idadi ya waliokuwemo haikujulikana mara moja, na familia zilisubiri ufukweni bila kujua wa kwao alipanda au hakupanda. Kwenye meli na kivuko andikisha jina lako kamili, bila ubishi.

Hatua ya 6: Linda kidole kuliko kadi

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, kidole na namba ya NIDA ndivyo vinavyofungua laini. Kadi yenyewe inaweza hata kuwa nyumbani. Mchezo unaojulikana mjini ni huu: wakala chini ya mwavuli anakwambia "hakijasoma, weka tena". Unaweka. "Bado, futa jasho, weka tena." Unaondoka na laini moja, kumbe kwa jina lako zimetoka mbili, na ya pili inauzwa kwa tapeli wa ujumbe wa "tuma kwenye namba hii".

Kabla ya kuweka kidole, tazama kioo cha simu ya wakala: je, namba iliyopo ni yako? Akisema hakijasoma, mwombe uone ujumbe wa kukataa. Usirudie mpaka uuone. Ukimaliza, bado umesimama pale pale, piga *106# na ufuate menyu mpaka kwenye namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukiona namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, lile duka lenyewe na si mwavulini, uitake iondolewe. Fanya hivyo hata kama namba hiyo haijawahi kukusumbua, kwa sababu siku ikitumika kutapeli, mlango utakaogongwa ni wako. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia wewe, utume kwenda 15040.

Hatua ya 7: Sasa ile simu

Kama shida yako hasa ni mtu kujua ulipo, hii ndiyo hatua yako. Simu iliyowashwa huongea na mnara wa karibu hata GPS ikiwa imezimwa. Anayebisha aende Sirari asimame karibu na mpaka, aone simu yake ikishika mtandao wa Kenya.

Mnara hutauzuia bila kuzima simu au mtandao wake. Programu unaweza. Mipangilio, kisha Mahali, kisha ruhusa za programu. Utakuta orodha. Ramani ina sababu ya kujua ulipo, na ile ya kuita bodaboda pia, ila wakati unaitumia tu. Tochi haina sababu. Kibodi haina sababu. Ondoa.

Angalia kwa jicho kali zaidi programu za mikopo. Hizo huomba picha ya kitambulisho, uso wako, majina yote ya kwenye simu, na mahali ulipo, halafu ukichelewa siku mbili wanapigiwa shemeji na mchungaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kupakua yoyote, hakikisha mwenye nayo ana leseni, na ikidai ruhusa ya majina ya kwenye simu, achana nayo.

Hatua ya 8: Uliza, ikibidi lalamika

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Juu yake tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazikusanya kwa kazi gani, na wewe una haki ya kujua anazo zipi na kutaka zenye makosa zirekebishwe.

Kwa vitendo, swali moja linatosha kaunta: "Samahani dada, kopi hii inakaa wapi, na anayeiona ni nani?" Akijibu vizuri, endelea. Akisema "hayo ndiyo maelekezo kutoka juu", omba jina la anayehusika na taarifa binafsi katika taasisi hiyo, andika barua fupi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, barua hiyo ndiyo utakayoambatanisha kwenye malalamiko kwa Tume. Maneno matupu ya "walinichukulia namba yangu" hayatakufikisha mbali. Tarehe, jina la ofisi na karatasi yenye muhuri vitakufikisha.

Hatua ya 9: Kadi ikipotea

Kadi iliyodondoka kwenye daladala ya Nyegezi haitakuambia iko wapi, na ungekuwa na chipu ya kufuatilia kweli, hapo ndipo ungeitamani. Nenda polisi upate ripoti ya upotevu siku hiyo hiyo, kwa sababu ile tarehe ndiyo itakayokutetea kama kuna mtu ameitumia. Kisha peleka ripoti ofisi ya NIDA ya wilaya yako, Nyamagana au Ilemela, uombe nyingine. Pasipoti peleka Uhamiaji.

Kumbuka kadi mpya itakuja na namba ile ile ya zamani, hivyo aliyeokota ya kwanza bado ana namba yako. Piga *106# wiki hiyo, rudia baada ya mwezi, na uwaambie ndugu mapema wasitume hela kwa namba yoyote ngeni inayodai ni wewe umebadilisha laini.